Jumamosi za kuhesabu panya

Kipindi niko fildi Jumamosi zangu zilikuwa za panya. Wenzangu hosteli wanafua, wengine wameenda kucheki mpira, mi navaa koti na glavu mbili mbili naingia kwenye kachumba kenye joto na harufu ya maranda yaliyolowa mkojo, naanza boksi la kwanza mpaka la mwisho na karatasi mkononi: mzima, mzima, anatetemeka, kapooza miguu ya nyuma, amekufa. Boksi linalofuata. Panya weupe wadogo wadogo, na virusi walivyochomwa kichwani ni vya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mle ndani hamna utani, sisi wote tulishachanjwa kabla hata ya kuruhusiwa kushika kitasa cha ule mlango.

Maabara yenyewe sitaitaja. Watu wake nawaheshimu, wengine bado wapo kazini na wengine wanasoma hapa (shikamooni). Ila nimekaa na hii stori miaka mingi na juzi mtu kaniuliza kwenye grupu la darasa letu kama ni kweli chanjo bado zinapimwa kwa kuua panya, nikaanza kumjibu kwa meseji, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niilete huku.

Jibu fupi: ndio. Na hapa siongelei utafiti. Watu wakisikia wanyama wa maabara wanafikiria wanasayansi wanatafuta dawa mpya, sijui kansa, sijui ukimwi. Tuliyokuwa tunapima sisi ni chanjo ya mbwa ya kichaa, chanjo ya zamani, inajulikana, ilishasajiliwa, iko sokoni. Shida ni kwamba kila bechi inayotoka inabidi ithibitishwe upya kwamba ina nguvu, bechi ya Januari haiwezi kuiwekea dhamana bechi ya Februari. Na kipimo cha kuthibitisha ndo panya.

Huo utaratibu wa kuhakiki kila bechi haukuja kwa bahati mbaya, ulikuja kwa misiba. Mwaka 1901 kule St. Louis Marekani kulikuwa na farasi anaitwa Jim, alikuwa mfereji wa dawa ya dondakoo, wanamtoa damu wanatengeneza kingasumu wanachoma watoto. Jim akapata pepopunda. Damu aliyotolewa akiwa tayari anaumwa ikaingia mzigoni, hakuna aliyeipima, watoto 13 wakafa kwa pepopunda. Mwaka uliofuata Marekani wakatunga sheria ya kudhibiti bidhaa za aina hiyo. Halafu 1955 kiwanda cha Cutter kikatoa chanjo ya polio ambayo ndani yake kulikuwa na virusi hai ambavyo vilitakiwa viwe vimeshauliwa, watu 10 wakafa na wengi wakapooza. Kwa hiyo mtu akinambia tuache kupima siwezi kukaa naye meza moja. Mi naongelea tunapima na nini.

Sasa kipimo chenyewe kinaendaje. Kinaitwa kipimo cha NIH (hizo ni taasisi za taifa za afya za Marekani), ni cha miaka ya 1950, na kwa umri wake kingekuwa mtumishi kingeshastaafu na mafao kingeshayala. Unachukua chanjo yako unaizimua kwa viwango tofauti, unachukua na chanjo rejea, yaani ile ambayo nguvu yake inajulikana, nayo unaizimua hivyo hivyo. Kila kiwango kina kundi lake la panya. Siku ya kwanza unawachoma tumboni, baada ya wiki unarudia. Siku ya 14 unawalaza na dawa, unachukua sindano nyembamba sana na unawapiga virusi hai moja kwa moja kwenye ubongo, tone la mililita 0.03. Halafu unahesabu siku 14 nyingine. Wanaokufa siku nne za mwanzo hawahesabiwi, hao kawauwa mchomaji na sindano yake na sio kichaa. Wa siku ya tano kuendelea ndo data. Ukimaliza unalinganisha, chanjo yako imeokoa wangapi na ile rejea imeokoa wangapi, unapata namba kwa Yuniti za Kimataifa. Ya binadamu inatakiwa isipungue 2.5 kwa dozi. Ya mbwa walau 1.

Jumlisha panya wote, wa chanjo, wa rejea, na wale wa kuhakiki virusi wenyewe, unavuka mia kirahisi tu kwa bechi moja. Na kuna kundi ambalo halichanjwi kabisa. Kazi yao ni kufa. Wasipokufa maana yake virusi vyako vilikuwa dhaifu na kipimo chote hakina maana. Mi nilikuwa naingia mle ndani Jumamosi naombea kundi fulani life, na nilikuwa naombea kweli kweli, sababu wasipokufa naanza upya.

Mama aliyekuwa anatunza hao panya tulikuwa tunamwita Shangazi. Kasoma mpaka la saba, lakini kwenye ile nyumba ya panya daktari mwenyewe PhD yake anaiacha mlangoni. Yeye ndo anajua yupi ana mimba, yupi anakula watoto wake, chakula kipi kimeota ukungu. Siku yangu ya kwanza nikajidai namuuliza, Shangazi, hawa huwa unawapa majina? Akaniangalia hivi, akasema, "Mwanangu, hawa wanahesabiwa kama hela, hela huwa unaipa jina?" Sikuuliza tena.

Sasa kilichotokea. Bechi moja tuko siku ya 16 au 17 hivi, wikiendi, umeme ukakata usiku. Jenereta ipo ila mafuta yalikuwa kwenye karatasi tu, unaelewa. Kile chumba bila feni ni tanuru. Asubuhi Shangazi kafika kakuta panya kibao wamelala chali, wa makundi yote, waliochanjwa na wasiochanjwa, na wa chanjo rejea pia. Joto lile halikuchagua. Wiki mbili na ushee za kazi kwishney. Sio kwamba chanjo ilifeli, kipimo ndo kilifeli, na ukiwa na kipimo kilichofeli huna ruhusa ya kusema lolote kuhusu chanjo. Kuanza upya unahitaji panya wengine mia na ushee, umri mmoja, uzito unaokaribiana, kwa wakati mmoja, na wale waliozaliwa karibuni walikuwa hawajafika uzito. Tukasubiri wakue. Ukijumlisha na siku 28 za kipimo chenyewe ikaenda karibu miezi miwili, bechi iko kwenye friji inaisha muda wake taratibu, na huko wilayani kuna watu walishatangaziwa tarehe ya kuleta mbwa.

Na wakati huo kichaa hakisubiri. Makadirio yaliyofanywa hapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuja na karibu vifo 1,500 kwa mwaka, dunia nzima wanasema 59,000, na kwenye kila kumi karibu wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hamna hospitali itakayokusaidia. Ndo maana chanjo ya mbwa ni kitu kikubwa, ukichanja mbwa asilimia 70 kijijini ugonjwa unakata, Pemba waliufuta kwa njia hiyo hiyo ya kuchanja mbwa.

Haya, ungesema basi angalau hicho kipimo kinachokula miezi kinatoa jibu la uhakika. Hapa ndo pananiumaga. Kwenye vitabu vya dawa vya Ulaya, yaani vile vya viwango na namna ya kupima dawa, matokeo ya kipimo cha NIH yanaruhusiwa kuwa na ukingo kati ya asilimia 25 na asilimia 400. Sijakosea kuandika. Yaani kipimo kikisema bechi ina yuniti 4, inawezekana kwa ukweli ina 1, inawezekana ina 16, na karatasi inapita. Nenda buchani omba kilo moja, mwenye bucha akwambie mzigo wako ni kati ya robo kilo na kilo nne ila mizani yangu imekaguliwa na serikali. Si utaita watu? Ukirudia kipimo maabara ileile unapata namba nyingine, ukipeleka kwa jirani anapata ya tatu. Panya ni viumbe hai, mmoja ana msongo, mwingine sindano imeingia pembeni kidogo, mchomaji leo katoka msibani mkono unatetemeka.

Wenzetu hili walishalichoka zamani. Njia ya kwanza waliyoanza nayo ni kuacha ile sehemu ya virusi kichwani. Unachanja panya, siku ya 14 unawatoa damu, unapima kingamwili, yaani zile protini za mwili za kujilinda, ziko kiasi gani kwenye damu, basi. Hakuna kuhesabu waliopooza. Panya wanaohitajika ni wachache zaidi na wiki mbili zinaokolewa. Ulaya waliiingiza kwenye kitabu chao cha dawa kwa chanjo za mifugo mwaka 2013. Na wala sio kitu cha ajabu kwetu, maana chanjo ya mbwa ikishafika field huwa tunaihakiki hivyo hivyo, unatoa damu ya mbwa unaangalia kama kafika yuniti 0.5 kwa mililita, hakuna anayemletea mbwa wa mtu virusi ili kuona kama atakufa. Kuna kazi nzuri ilifanyika kwa mbwa wa hapa hapa Tanzania wakaonesha chanjo ya Nobivac inaweza kukaa kwenye nyuzi 25 miezi sita, au nyuzi 30 miezi mitatu, na bado mbwa wakatengeneza kinga sawa na waliochomwa chanjo iliyotoka friji. Swali zito kabisa hilo, chanjo ikikaa nje ya friji inakufa au haifi, na limejibiwa kwa damu kidogo ya mbwa ambao baada ya hapo walirudi nyumbani kwao kulinda mbuzi.

Njia ya pili haina panya kabisa. Kirusi cha kichaa kina umbo la risasi, na nje kimejaa vijiti vijiti, vimekaa vitatu vitatu, ni protini inaitwa G. Mwili ukijilinda unajilinda dhidi ya hivyo vijiti. Kwa hiyo kama chanjo yako ina protini G ya kutosha na haijaharibika umbo, ina nguvu. Basi unatengeneza kingamwili za maabara zinazokamata protini G ikiwa tu iko kwenye umbo lake sahihi, ikiwa imepikwa na joto au imechakachuka hazikamati, unazibandika kwenye pleti ya visima 96, unamimina chanjo, unaosha, unaweka rangi, mashine inasoma. Hiyo ni ELISA, ile ile ya kupimia vitu vingine chungu nzima ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili wanafundishwa. Siku moja, mbili, una jibu. Huhitaji virusi hai, kwa hiyo huhitaji mtoto wa fildi aingie na sindano yenye kichaa kwenye kachumba kenye joto. Na jibu lake halichezi kati ya robo na kilo nne.

Ungeniambia mambo mazuri hivyo mbona hatujahamia, nitakwambia kuna sababu za kweli na sababu za kizembe, na mimi nikianza na za kweli ni kwamba hii ELISA ina matatizo yake. Kingamwili iliyotengenezwa kwa kirusi cha aina moja inaweza isikamate vizuri cha aina nyingine, na viwanda havitumii mbegu moja, kuna wanaotumia PV, kuna PM, kuna Flury, kwa hiyo kila bidhaa inabidi uithibitishe peke yake, uichemshe makusudi, uiharibu makusudi, uone kama kipimo chako kinagundua. Halafu chanjo za mbwa nyingi zina aluminiamu ya kuongezea makali, na ile aluminiamu inang'ang'ania protini kama ugali wa jana kwenye sufuria, ukiimimina hivyo hivyo kwenye pleti unapata namba ya uongo, inabidi kwanza uitenganishe. Chanjo za binadamu nyingi hazina hiyo kitu ndo maana huko mambo yametangulia. Mtu anayekwambia ni kubadilisha mashine tu, hajawahi kufanya.

Ya pili ni hela ya kigeni. Hizo kingamwili na vitendanishi vinatoka nje, vinalipiwa kwa dola, vinasafiri kwenye barafu kavu, na mzigo wa barafu kavu ukikaa uwanja wa ndege siku nne unasubiri mtu asaini fomu, huo sio mzigo tena. Nimeshuhudia boksi linafunguliwa ndani maji. Panya anapatikana hapa hapa, anakula pumba na dagaa, analipwa kwa shilingi. Mkurugenzi akiangalia bajeti anaona panya ni bure.

Ila si bure bana. Piga hesabu vizuri. Chumba cha panya, mfanyakazi wa kila siku pamoja na Krismasi na Idi, maranda, chakula, feni, mafuta ya jenereta ya kwenye karatasi, tanuru la kuchomea mizoga, chanjo za wafanyakazi, panya wa ziada wanaozaliwa bila kuhitajika maana huwezi kumwambia panya azae mia na ishirini kamili. Na miezi miwili bechi imekaa. Ukiyaweka hayo yote upande mmoja na pleti upande wa pili sidhani kama panya anashinda, tatizo gharama zake zimetawanyika kwenye vifungu kumi vya bajeti na za pleti ziko kwenye invoisi moja inayotisha.

Sababu za kizembe sasa. Kitabu kinasema. Hiyo sentensi nimeisikia sana. Nchi iliandika kanuni miaka hiyo ikakopi kutoka kwenye kitabu cha Ulaya au Marekani, Ulaya wakabadilisha chao, sisi tukabaki na photocopy. Mfano unaochekesha kama hauudhi: kuna kipimo cha sumu isiyo ya kawaida, unachukua panya watano na simbilisi wawili, ndio, hawa hawa wanaofugwa Njombe, unawachoma chanjo, unawaangalia siku saba, wakiwa hai chanjo ni salama. Kilianzia Ujerumani zaidi ya miaka mia iliyopita sababu dawa za damu ya farasi zilikuwa zinahifadhiwa kwa fenoli na walitaka kujua kama fenoli imezidi. Leo fenoli inapimwa kwa njia za kikemia na chanjo nyingi hata hazina. Shirika la Afya Duniani lilisema 2018 hiki kipimo kiachwe, Ulaya wakakifuta kwenye kitabu chao 2019. Na mi mwenyewe baada ya hapo nimeshika nyaraka za tenda zinazodai cheti cha hao panya watano na simbilisi wawili. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa, mwaka jana kilikuwepo.

Na hili halituumizi sisi peke yetu. Kiwanda kinachouza chanjo nchi arobaini, hata kama thelathini na tisa zimekubali kipimo kipya, ile moja inayosema mi nataka panya inakilazimisha kiendelee kufuga panya, maana hakiwezi kutengeneza bechi ya watu wenye msimamo peke yao. Unaona jinsi karatasi iliyosahaulika kwenye kabati ya nchi ndogo inavyoamua maisha ya panya kwenye kiwanda cha nchi nyingine.

Kuna na kurudia vipimo. Chanjo imetengenezwa India au Ufaransa, imepimwa kiwandani, ikapimwa tena na mamlaka ya nchi hiyo, ikapewa cheti, imeshaidhinishwa na WHO, inafika bandarini kwako unaipima tena kwa panya wako ambao umeme umewakatikia. Unatafuta nini? WHO wenyewe wanashauri kwa chanjo za namna hiyo kagua makabrasha ya bechi na cheti cha walikotoka, hakikisha mnyororo wa baridi haukukatika, achilia mzigo. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba (enzi hizo ikiitwa TFDA), ilifika ngazi ya tatu ya ukomavu ya WHO mwaka 2018, ya kwanza Afrika, na ngazi hiyo maana yake mamlaka yenye akili timamu inayoweza kusoma kazi ya mwenzake na kuiamini pale inapostahili kuaminiwa. Kuamini kwa kusoma ni kazi kubwa pia, usidhani ni kugonga muhuri.

Sio kwamba hakuna tulichokwisha kuacha. Chanjo ya homa ya manjano, ile ya kadi ya njano ya wasafiri, ambayo Institut Pasteur ya Dakar wanaitengeneza miaka na miaka, zamani nguvu yake ilikuwa inapimwa kwa panya. Sasa hivi unamwaga chanjo juu ya seli kwenye sahani, kila kirusi hai kinatoboa katundu, unahesabu matundu. Mengi ya maabara hutumia seli za Vero kwa kazi hiyo, na hizi seli zina stori yake: mwaka 1962 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Chiba walichukua figo ya tumbili mmoja wa Afrika wakazikuza seli zake, na hizo seli mpaka leo zinagawanyika, ziko kwenye mafriji ya dunia nzima, chanjo nyingi ya kichaa ya binadamu inakuzwa humo. Tumbili mmoja tu, mwizi wa mahindi wa ukoo fulani huko, kafanya kazi kuliko sisi wote.

Chanjo ya kideri ya I-2, ile ya tone kwenye jicho la kuku ambayo inatengenezwa Kibaha, nayo haipimwi kwa kuambukiza kuku bandani. Unachukua mayai yenye kifaranga ndani, unayachoma chanjo iliyozimuliwa, unaangalia mpaka kiwango gani virusi bado vinakua, dozi moja inatakiwa iwe na milioni moja ya vile vipimo vya yai. Mtu atasema kifaranga kwenye yai naye mnyama. Sawa, tutabishana, ila ni afadhali kuliko banda la kuku wanaokoroma.

Na sungura. Sungura wanafungwa kwenye kibao, wanawekewa kipima joto matakoni, wanachomwa dawa kwenye mshipa wa sikio, joto likipanda ujue kuna uchafu wa bakteria. Wakaja na mbadala, damu ya bluu ya kiumbe fulani wa baharini mwenye gamba kama helmeti na mkia kama msumari, Limulus, huku pwani yetu hayupo, yuko Marekani na ndugu zake wako Asia. Damu yake ikikutana na hiyo sumu ya bakteria inaganda. Sungura wakapumua, mwenye helmeti akaanza kuvuliwa na kutolewa damu kila mwaka. Wasingapore wakachukua ile jeni inayofanya damu igande wakaitengeneza maabara bila kuvua mtu, na kuna njia nyingine inatumia chembe za damu ya binadamu. Mwezi wa sita 2024 Ulaya wakaamua sungura watoke kabisa kwenye kitabu chao. Hapo ndo napenda, mbadala uliomwokoa mmoja ukamtesa mwingine, ikabidi utafutwe mbadala wa mbadala.

Kitu ambacho kinanifanya niandike yote haya ni kwamba mwaka 2021 viongozi wa Afrika walisema kufika 2040 asilimia 60 ya chanjo tunazotumia tutengeneze wenyewe, kutoka kwenye asilimia 1 hivi ya wakati ule. Maana yake viwanda vitajengwa. Maabara za kuhakiki zitajengwa. Na nimeshaona ramani ya jengo moja, sitasema la wapi, kuna mrengo mzima umeandikwa nyumba ya wanyama. Nikajiuliza hawa wenzetu wa Ulaya wanahangaika kufunga nyumba walizojenga 1960, wana wafanyakazi wa kuwahamisha, wana data za miaka hamsini za panya ambazo inabidi wazilinganishe na pleti, wana kila sababu ya kuchelewa. Sisi ambao hatujajenga bado tunachelewa nini? Tunataka kujenga ili tuje kufunga? Hela ya ule mrengo weka kwenye mashine tatu za kusomea pleti, friji la nyuzi hasi 80 lenye umeme wa jua, na uwafundishe vijana sita mpaka mkono utulie. PANVAC pale Debre Zeit Ethiopia, kituo cha Umoja wa Afrika, tayari kinahakiki chanjo za mifugo za bara zima, wangeweza kabisa kuwa ndo wanatunza na kugawa kingamwili na chanjo rejea kwa nchi zote badala ya kila nchi kuagiza kaboksi kake kanakoyeyukia uwanja wa ndege.

Kuna rafiki yangu anafanya kazi kiwandani akanambia njia pekee ya kweli ni kuacha kuiona kila bechi kama mtoto asiyejulikana baba. Ukishakuwa na kiwanda kinachotengeneza kitu kilekile kwa njia ileile, kila hatua inapimwa, mbegu, seli, joto, muda, kiasi cha protini, unachotafuta mwisho ni kujua tu kama bechi hii inafanana na zile zilizowahi kufanya kazi. Panya alikuwa na maana enzi ambazo chanjo ya kichaa inasagwa kutoka kwenye ubongo wa kondoo na hakuna anayejua mle ndani kuna nini. Namkubalia, ila hapo kwenye joto na muda na umeme namkumbusha yuko nchi gani.

Mwezi uliopita nikampigia Shangazi kumjulia hali, kastaafu, anafuga kuku. Tukapiga stori, nikamwelezea siku hizi kuna pleti ya plastiki ndogo kama simu inafanya kazi ya panya wake wote kwa siku moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa hiyo pleti inakula nini?"

Nikamwambia dola, Shangazi. Akacheka mpaka simu ikakata.